Foleni Isiyo na Masikio

Jumatatu yake ya kwanza, mwalimu mpya wa sanaa alikabidhiwa ufunguo mmoja, boksi la chaki na chumba kilichojaa viti vilivyovunjika. Mkuu wa shule alimsindikiza hadi mlangoni, akachungulia ndani, akaomba radhi kwa niaba ya viti, kisha akakumbuka ana kikao. Mwalimu akakunja mikono ya blauzi. Kengele ya mapumziko ilipolia alikuwa ameshavitoa viti vyote nje na kuvipanga kwa kufuata idadi ya miguu iliyobaki. Kidato cha tatu kizima kilikuwa kinamsaidia bila kuombwa, maana hawakuwa wamewahi kuona mwalimu akibeba kitu kizito kuliko faili.

Mpishi wa shule alimletea chai katika kikombe cha bati. Alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi maabara, na shule nzima, mkuu akiwemo, ilimwita Shangazi.

"Chumba hiki kina mwanga mzuri," alisema Shangazi akiwa amesimama mlangoni. "Unaingia kwa pembeni. Hauli rangi."

Mwalimu alitaka kumuuliza amejulia wapi mambo ya mwanga, lakini chai ilikuwa tamu, akasahau.

Kitabu cha somo kilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Picha zote ndani yake zilikuwa zimegeuka madoa meusi, na kwa miaka miwili wanafunzi walikuwa wamefundishwa kueleza uzuri wa madoa hayo kwa alama kumi. Mwalimu alilitazama doa la ukurasa wa kwanza, akalitazama la ukurasa wa tisa, akafunga kitabu.

"Kesho tunatoka," alisema. "Tunaenda kuona sanaa yenyewe, ile watu wanaishi nayo."

Wakatoka. Jumanne walisimama mbele ya kinyozi wakachambua vichwa vilivyochorwa kwenye ubao wa mlangoni pake, mpaka kinyozi mwenyewe akaacha mteja na nusu ya ndevu akaja kusikiliza. Kulikuwa na msichana mmoja mrefu aliyeitwa Rula kwa sababu alipima kila kitu, na siku hiyo alipima pua zote za kwenye ubao ule. Walirudi shuleni wakicheka na kusukumana. Mwalimu naye alicheka, akajiona ana bahati kuliko watu wote wa mji ule.

Jumatano walikwenda kwenye jengo la Idara ya Maji. Humo ukumbini ndimo ulimokuwa mchoro mkubwa kuliko yote mjini: ukuta mzima wa watu waliopanga foleni kwenye bomba. Mbele kabisa alikuwa mwanamke mzee mwenye ndoo, nyuma yake mama mwenye mtoto mgongoni, halafu mwanamume na baiskeli, mpiga tarumbeta aliyejaza mashavu, na watu wengine kumi na wawili. Mkiani alisimama mbuzi. Wote walitazama kushoto, bombani, na wote walikuwa na nyuso za watu waliotoka kusimuliana jambo la kuchekesha. Aliyewachora alikuwa amewapenda, hilo lilionekana hata kwa mtu aliyekuja pale kulipia ankara.

Chini ya ukuta palibandikwa karatasi. Ilisema kwamba kazi hiyo ilibuniwa na kuchorwa na Mkurugenzi wa Idara, ina umri wa miaka ishirini na mitano, na Ijumaa hii litazinduliwa bamba la shaba lenye jina lake.

Zoezi la siku hiyo lilikuwa kutafuta kilichopungua. Wanafunzi walitazama kwa dakika kumi. Rula akasogea na rula yake, akaenda mtu kwa mtu.

"Madam, hawana masikio. Hata mmoja. Hata mbuzi."

Ilikuwa kweli. Pale palipostahili sikio palikuwa na chokaa tupu.

"Basi wapeni," alisema mwalimu. Aliwaza kwamba chaki inafutika kwa kitambaa kibichi. Mlinzi naye aliruhusu, akasema yeye siku zote amewaona kama watu wasiosikia la mtu. Kila mwanafunzi akachora sikio lake, mbuzi akachorewa la wima, kisha darasa likashukuru na kuondoka kwa mistari miwili.

Kwenye kona ya posta mbuzi alikuwa anawafuata. Nyuma ya mbuzi alikuja mpiga tarumbeta, na nyuma yake baiskeli ikisukumwa, na wote waliobaki. Walikuwa bapa kama mlango. Ukiwatazama kwa upande mmoja walikuwa watu kamili. Ukizunguka upande wa pili unakuta chokaa na alama za matofali. Kwa kuwa walikuwa wamechorwa wakitazama kushoto, kila ilipobidi kukata kulia walitembea kinyumenyume. Askari wa barabarani alisimamisha magari, akawasubiri wapite, akaendelea na kazi yake. Mpiga tarumbeta alikuwa ameibana pumzi miaka ishirini na mitano. Alipoiachia, noti ile moja ilianza posta ikaishia getini pa shule, na kidato cha tatu kiliicheza njia nzima.

Getini mkuu wa shule aliwaandikisha kwenye daftari la wageni. Alisita kidogo kwa yule mwenye ndoo, aliyekuwa pekupeku, kwa sababu kanuni inataka viatu vyeusi vya kamba. Kisha akaandika: "Mgeni. Miguu ya rangi." Akaridhika.

Wageni hawakuuliza njia. Walikwenda moja kwa moja jikoni. Shangazi alikuwa anakoroga sufuria kubwa, akageuka, akaweka mwiko chini.

"Nani kawapa masikio?"

"Sisi, Shangazi," alisema Rula.

"Haya. Mmeshafanya." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Mimi niliwaacha bila masikio makusudi. Kazi ukiimaliza yote, inakwenda zake. Ukiacha kitu kimoja, inakaa inakungoja. Ndivyo ninavyofanya kazi."

Yule mzee wa mbele akatua ndoo sakafuni. Akamtazama Shangazi kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Kidole," alisema, "umenenepa."

Kidole lilikuwa jina la Shangazi la utotoni, kwa sababu alikuwa akichora kwa kidole kwenye vumbi, kwenye unga, na kwenye kioo cha gari la watu. Mwenye kumwita hivyo alikuwa mama yake, na mama yake alikufa mwaka mmoja kabla ya ukuta ule kuchorwa.

"Nimenenepa, mama. Kaa."

"Nitakaaje, na mgongo huu haupo?"

Basi Alhamisi hakukuwa na kipindi kingine shuleni. Darasa zima lilichora migongo. Mwenye baiskeli alitaka pedali ya pili, mama mwenye mtoto akataka kujua kama mtoto amelala, na mbuzi, alipopata ubavu wa kulia, alikimbia uwanja mzima akizunguka upande ambao hajawahi kuuona, kisha akala ratiba ya mitihani. Hakuna aliyemkemea. Wanafunzi walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama yake Shangazi aliomba mgongo usiouma. Rula alimchorea kwa saa tatu, kwa brashi nyembamba, akauwekea na fundo la kanga, na yule mzee akainama, akainuka, akainama tena, akasema huu ndio mgongo.

Katikati ya furaha hiyo mwalimu alimvuta Shangazi kando, karibu na masufuria.

"Shangazi, ule ukuta ni wako."

"Nilikuwa mfagizi pale. Mkurugenzi aliniona nachora kwa maji ya deki, akaniambia nichore ukuta. Nikachora miezi minne, nikirudi nyumbani mikono ina rangi hadi kwenye kiwiko. Nilipomuuliza jina langu akasema litaandikwa baadaye." Alicheka, lakini kicheko hakikufika maabara. "Kila mwezi nakwenda kulipia ankara ya maji. Naangalia kama wameandika. Inauma, mwanangu. Nisikufiche, inauma."

Mwalimu akapiga moyo konde. Mchana huohuo alikwenda Idara ya Maji, akamchukua mpiga tarumbeta na mwenye baiskeli kama mashahidi. Mkurugenzi alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Aliwakaribisha wote watatu, akamsifu mwenye baiskeli kwa rangi yake kutopauka.

"Aliyetuchora ni yule mpishi," alisema mwenye baiskeli. "Nilikuwepo."

Katibu muhtasi akaomba vitambulisho. Mashahidi hawakuwa navyo. Mmoja alikuwa na tarumbeta na mwingine pampu. Mkurugenzi akasema anasikitika kweli, lakini shahidi bila kitambulisho ni mpita njia. Halafu bamba limeshachongwa, na shaba haifutiki.

"Ongezeni basi jina lake chini."

"Litaandikwa baadaye," alisema Mkurugenzi kwa upole, akawasindikiza hadi mlangoni. Mlangoni alikumbuka kitu. "Huyo mpishi wenu nasikia anapika chai nzuri. Aje Ijumaa. Tuna wageni mia moja."

Mwalimu aliona aibu kuufikisha ujumbe huo, lakini aliufikisha. Shangazi akaenda kutafuta gauni lake la bluu. Alisema huwezi kujua, huenda wakilifunua bamba wakakuta wamekosea wakaandika jina la kweli. Alilipiga pasi gauni mara mbili.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Kidato cha tatu kilisimama nyuma pamoja na foleni nzima, maana foleni ilitaka kuona ukuta wake kwa mbele. Ukuta ulikuwa umebaki na bomba peke yake, likidondosha tone moja la bluu. Mengine yote yalikuwa chokaa nyeupe. Mkurugenzi aliutazama ukuta, akawatazama wageni, hakubabaika hata kidogo.

"Ndugu zangu," alisema, "miaka ishirini na mitano iliyopita nilichora foleni mahali hapa. Nikaahidi kwamba tutaimaliza. Leo mnaona wenyewe. Bomba lipo. Foleni haipo."

Watu walisimama kupiga makofi. Mgeni rasmi alifuta machozi, akasema hajawahi kuona kazi ya sanaa iliyotekeleza ahadi yake. Kitambaa kikavutwa, na bamba likameta. Shangazi, akiwa na trei ya vikombe mkononi, alisogea akalisoma lote, herufi kwa herufi, hadi nukta ya mwisho.

"Huyo aliyeandikwa ni nani?" aliuliza mama yake kwa sauti.

"Ni bosi, mama."

"Alinichora yeye?"

"Hapana."

"Nilidhani," alisema mama yake, akachukua kikombe cha chai.

Baada ya chai Mkurugenzi mwenyewe alikuja jikoni mwa Idara, akasugua mikono. Alisema kwamba ukuta mtupu unapendeza leo, lakini kesho watu watauzoea. Kama Shangazi ana nafasi Jumamosi, achore kidogo. Rangi ipo stoo. Kuhusu jina, wataangalia. Mwalimu alifungua mdomo aseme neno kali, Shangazi akamshika mkono.

"Ukuta mzuri ule, mwanangu," alisema. "Na mwanga wake unaingia pembeni. Nitachora. Ila safari hii masikio nawapa mwenyewe."

Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi Shangazi huchora, na kidato cha tatu humkorogea rangi, na mwalimu hukaa juu ya ngazi akijifunza. Watu hukauka kabla ya saa sita. Wakishakauka hushuka, humsalimia mlinzi, hutoka kwa mlango mkubwa wakienda shuleni kuchorewa migongo. Mmoja sasa anauza magazeti kwenye kona ya posta. Wawili wamejiandikisha kidato cha kwanza na wana viatu vyeusi vya kamba. Mtaa wa shule umejaa hata majirani wamezoea kusogea kwenye benchi bila kuambiwa, na jioni tarumbeta hailali. Mwalimu hajawahi kufurahi hivi katika kazi yoyote.

Kila Jumatatu Mkurugenzi huwaonyesha wageni wake ukuta mweupe na kuwaambia foleni imekwisha. Kila Jumatatu mfagizi mpya hulisugua bamba kwa limau hadi ling'ae, na skrubu zake nne zimekaza. Jumamosi iliyopita, wakingoja rangi ikauke, Rula alipima nafasi iliyobaki chini ya jina lililochongwa. Jina la Shangazi linaingia lote, lile lake halisi, na bado inabaki nafasi ya kuandika la mama yake.