Hema la Watu Wawili

Mungu alipokuwa akiwagawia watu maneno, Kiprono wa Kericho alifika kwenye foleni neno "hapana" likiwa limekwisha. Ndiyo maana benki iliyomleta Juba ilimtoa kitengo cha mikopo mapema, kabla hajaifilisi, ikamweka mlangoni kwenye meza ya kukaribisha wateja. Pale alifaa. Kazi yenyewe ilikuwa kutabasamu na kusema ndiyo.

Sasa huo ulikuwa mwaka wa nne tangu amani isainiwe, kiangazi cha Januari, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Moraa, mwalimu wa hesabu kutoka Nyamira, alikuwa amemaliza mkataba wake katika shule moja ya mjini, na Jumatatu angepanda ndege arudi kwao. Alimweleza Kiprono habari hiyo wakiwa wamesimama kivulini nje ya benki. Akamtazama, akauliza, "Kwa hiyo niende tu?" Na Kiprono, mwanamume aliyempenda mwanamke huyo mwaka mzima hadi ugali ukawa haushuki, akajibu nini? Alijibu, "Sawa, hakuna shida."

Ulimi gani huo, jamani. Moraa aliaga akaenda zake, na Kiprono akabaki pale akijitukana kwa Kikalenjin.

Usiku ule hakulala, na kulipokucha alikuwa na mpango. Akampigia simu Moraa akamwambia kwamba kabla hajaondoka lazima waende wakalale porini siku moja, wawili tu, kwa pikapu yake, kando ya mto upande wa Terekeka. Huko, bila masikio ya watu, angemwomba akubali waoane. Usimcheke. Juba ya miaka ile haikuwa na mahali pa kumnong'oneza mwanamke. Moraa alilala chumba kimoja na walimu wenzake watatu. Kiprono alipanga kwa Mama Juliet, mtaa wa Hai Malakal, katika ua ambao ukipiga chafya, nyumba nne zinakuombea afya. Na kule kwenye hoteli za mahema za kando ya mto, soda iliuzwa kwa dola na meza ya jirani haikosi Mkenya anayemjua mjomba wako.

"Umewahi kulala porini wewe?" Moraa aliuliza kwenye simu.

"Mara nyingi," Kiprono akasema.

Mara hizo nyingi zilikuwa moja. Alisahau ufunguo akalazimika kulala kwenye veranda ya shangazi yake, na alfajiri alipatikana analia. Moraa akasema haya, atakuja Jumamosi asubuhi, ana jambo la kumwambia pia. Hilo la mwisho Kiprono alilisikia vizuri, akalitafsiri anavyotaka yeye.

Aliyemsaidia kujiandaa ni jirani yake Tombe, mtu wa kabila la Bari aliyekulia ukimbizini Uganda na sasa muuza vipuri vya magari pale sokoni Konyo Konyo, kama kumcheka mtu kunaweza kuitwa kumsaidia. Ijumaa jioni Kiprono alitandaza uani hema alilolinunua kwa kawaja mmoja, mzungu wa shirika, aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Lilikuwa hema la watu wawili. Kwenye mfuko wake palichorwa mzungu na mkewe wakicheka kwa meno yote.

"Hii nini?" Tombe akauliza.

"Hema."

"Najua ni hema. Mimi ilikuwa nalala ndani ya hii kitu kule Adjumani mpaka ndevu ikatoka. UN ilikuwa napatia sisi bure. Sasa wewe iko na nyumba, iko na kitanda, unalipa pesa ili ulale chini?"

"Ni starehe, Tombe."

"Starehe," Tombe akasema, akamgeukia Mama Juliet aliyekuwa akisonga ugali mbele ya mlango wake. "Mama, unasikia? Sisi ilikuwa kwa starehe miaka yote ile, na hakuna mtu naambia sisi."

Kiprono akaendelea kuunganisha vyuma. Hema likasimama, likafikiri, likamwangukia. Alipotoka chini yake alimweleza Tombe kwamba kesho akifika mbele kidogo ataiacha barabara, aingie porini kwenyewe, gari si lina nguvu za magurudumu yote manne? Hapo Tombe akaacha kucheka.

"Sikia, Kenya. Ukiona jiwe nyekundu, usipite. Ukiona hakuna jiwe, pia usipite. Watu ya kutoa mabomu bado hapana maliza. Wewe tafuta kinyesi ya ng'ombe. Mahali ng'ombe imepita na haijapasuka, na wewe pita."

Hiyo ndiyo elimu yote ya kuendesha nje ya barabara aliyoipata Kiprono, na hata leo sijasikia iliyoipita.

Jumamosi saa moja asubuhi akaanza kupakia. Alipakia jiko na gunia la makaa, madumu ya maji, dumu la dizeli, sepetu, kamba ya kuvutia gari likikwama, gurudumu la akiba, chandarua, mchele, na kuku wa kukaanga aliyeandaliwa na Mama Juliet. Hema akaliweka juu ya vyote kwa heshima. Kisha akaingia ndani kutafuta kiberiti, na hapo ndipo alipoharibu mambo, kwa sababu aliiacha pikapu langoni imetazama barabara, mlango wa nyuma umeshushwa.

Kericho, mlango wa nyuma wa pikapu ukishushwa ni mlango umeshushwa. Juba haikuwa hivyo. Magari ya kutoka mjini yalikuwa machache na vita vilikuwa vimetawanya ndugu kila upande, kwa hiyo pikapu inayopakia huku mlango uko chini ni ya umma. Hakuna anayeuliza ni ya nani. Wanauliza inaelekea wapi.

Wa kwanza alikuwa haboba mmoja, ndivyo wanavyowaita mabibi hapa, mkavu, mfupi, na kuku wawili wamefungwa miguu. Binti yake alijifungua Terekeka wiki ile na yeye hajamwona mjukuu.

"Ya jena, mtoto wangu, gari naenda Terekeka?"

Kiprono alifungua mdomo aseme ni safari ya watu wawili. Kilichotoka ni, "Karibu, mama." Haboba akaingia mbele, akakaa katikati ya kiti, akaweka kuku miguuni pake.

Kiprono hajakaa sawa, akaja Fortunato, katekista, na vijana wawili wamebeba kitanda cha chuma. Kitanda ni cha padri wa kule, alieleza Fortunato, padri analala juu ya meza tangu Krismasi, na Bwana hamsahau anayembebea mtumishi wake kitanda. Ungesemaje hapana mbele ya Bwana? Kitanda kikapanda, na wale vijana nao wakapanda, maana kumbe nao ni wa Terekeka. Akaja mama na mtoto mgongoni na magunia ya sukari. Wakaja Wamundari wawili warefu na mbuzi. Mbuzi peke yake ndiye aliyesita, akasukumwa.

Tombe alitoka kwake na mswaki mdomoni, akatazama.

"Nani naambia wewe uache mlango wazi?"

"Nisaidie, Tombe. Moraa yuko njiani. Washushe."

"Mimi? Wewe ndio mwenye gari. Waambie mafi, hakuna nafasi. Ni neno moja tu, hata mtoto nasema."

Kiprono akavuta pumzi, akaenda nyuma ya gari, akakohoa. Watu wote wakamgeukia. Kitandani alikaa Fortunato, na chini yake, badala ya mto, aliweka lile hema la watu wawili, yule mzungu na mkewe wakicheka pembeni ya kalio lake. Kiprono aliwatazama mmoja mmoja, kisha akawauliza kama wamekaa vizuri.

"Kabisa," Fortunato akasema.

Tombe akatema povu la mswaki, akarudi ndani kusukutua mdomo, maana mambo mengine hayafai kutazamwa na povu mdomoni.

Alipotoka tena, bodaboda ilikuwa imemshusha Moraa langoni. Alivaa kofia ya jua na viatu vya kutembelea porini, vipya, na begi mgongoni. Alilitazama gari kutoka taa za mbele hadi mkia wa mbuzi, polepole, anavyokagua daftari la mwanafunzi mvivu.

"Kiprono. Hawa ni nani?"

"Ni abiria kidogo tu."

"Ulisema tunalala porini wawili tu."

"Tutawashusha njiani."

"Mimi nashuka Terekeka yenyewe," Fortunato akasema kutoka juu.

Haboba akatoa kichwa dirishani. Alikuwa mtu wa desturi, na gari lililombeba alitaka kujua habari zake. "Ya jena, huyu binti ni nani yako?"

Kiprono alimtazama Moraa, akatazama kitanda, akatazama mbuzi. "Ni rafiki, haboba."

"Rafiki," haboba akarudia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeuma jiwe ndani ya wali. "Na rafiki nalala porini na wewe."

Moraa akashusha begi chini. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha Kiprono. Alionekana mtu aliyechoka.

"Mimi nilikuwa nimekuja kukuambia hukohuko porini, nisikuaibishe mbele ya watu," alisema. "Lakini watu umewaleta mwenyewe, basi wasikie. Mwaka mzima nikikuuliza tule nini, unasema chochote. Tuende wapi, unasema popote. Nikakuuliza kama unanipenda, ukasema sana. Nikakuuliza niende, ukasema sawa. Leo mwenye mbuzi amekuuliza kama kuna nafasi, na bila shaka umemwambia karibu. Sasa nitajuaje tofauti yangu na mbuzi?"

Hakuna aliyecheka. Mwenye mbuzi aliinamisha kichwa kwa adabu.

"Kwa hiyo Jumatatu naenda," Moraa akasema. "Sawa?"

Ile "sawa" ilikuwa tayari mdomoni mwa Kiprono, imeshajipanga kwenye meno kama kawaida yake. Akaimeza. Ilishuka kwa shida, machozi yakamtoka.

"Hapana," akasema.

"Huku nyuma hatujasikia," Fortunato akasema.

"Hapana." Aibu aliyoisikia ilimchoma hadi kwenye masikio, lakini chini ya aibu kulikuwa na nafuu ambayo hakuitegemea. "Si sawa. Haikuwa sawa tangu siku ile kule benki. Sitaki uende, Moraa. Na sijawahi kulala porini hata siku moja, ni veranda ya shangazi tu. Hilo hema nalo limenishinda, muulize Tombe. Nilikuwa nakupeleka huko nikuombe tuoane. Nilitaka tuwe peke yetu. Sasa tuko na padri karibu mzima, kitanda chake kiko hapa, na bado nakuomba."

Mtoto wa yule mama wa sukari alipiga mwayo. Tombe, aliyesimama langoni bila mswaki safari hii, alitazama viatu vyake.

Moraa alimwangalia Kiprono muda mrefu, mpaka Kiprono akaanza kutamani mtu yeyote aseme lolote, hata mbuzi. Kisha akainama akachukua begi lake, na moyo wa Kiprono ukashuka, kwa sababu aliyeinua begi anaenda.

Wakati huohuo mzee mmoja akatokea mbio kutoka upande wa barabara kuu, ana gunia kichwani na koti lake la suti limejaa vumbi.

"Terekeka? Nafasi iko?"

"Hapana," Kiprono akasema.

Lilitoka lenyewe, safi. Mzee akasimama. Nyuma ya gari watu wakatazamana, na Fortunato akaanza kushikilia kitanda kwa mikono miwili, maana mtu akishajifunza neno hilo hujui ataishia wapi.

Moraa akazunguka mbele ya pikapu. Akafungua mlango wa abiria, akamwambia haboba asogee kidogo na kuku wake, akapanda, begi akaliweka mapajani. Akafunga mlango, akatoa kichwa dirishani.

"Panda, mzee," alisema. "Nafasi iko. Huyo mwenye kitanda atakupisha."

Haboba akatupa kigelegele, yule mama wa sukari akakidaka, na kuku wakaanza kupiga mabawa. Kiprono alibaki palepale na funguo mkononi. Akamgeukia Tombe kwa sauti ndogo.

"Amesema nini? Amekubali au amekataa?"

"Washa gari, Kenya," Tombe akamwambia, huku akipandisha ule mlango wa nyuma na kuufunga. "Sasa mwenye gari ni yeye, na nasema tayari."