Tiketi ya Kuingia Kwetu

Hasira ya Aba Nyanyiwa ilipanda basi kabla yake, ikajichagulia kiti cha dirishani. Mwenyewe alikaa pembeni yake, miwani myeusi usoni, mkoba mapajani, kimya kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki na hataki wenzake wajue.

Wanawake wauza vitambaa wa soko la Takoradi walikuwa kwenye matembezi yao ya kila mwaka, sare ya bluu moja, vilemba vya namna moja. Mwenyekiti wao, Efua Mbroba, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha lori, alikuwa ametangaza kwamba amechoshwa na ufukwe. Safari hii wangezunguka majumba ya kale ya pwani.

"Wazungu wanapanda ndege kuja kuyaona," alisema. "Sisi tunayapita tukifuata samaki, hata milango yake hatuijui."

Aba alikuwa na mlango mmoja huko Saltpond anaoujua vizuri sana. Alizaliwa nyuma yake. Sasa mjomba wake alikuwa amemfungia.

Mama yake, Ekua Tawia, alikuwa mochwari tangu kabla ya mvua. Na Mfante, mtu wa pwani hii ya Ghana, hazikwi na mwanawe, hata mwana huyo awe na maduka matatu. Huzikwa na ukoo wa mama yake, na ukoo una mkuu. Huyo mkuu hupelekewa chupa ya kinywaji kikali, akaambiwa fulani ametutoka. Akinywa, msiba ni wake, na tarehe itapangwa. Asipokunywa, maiti inabaki kwenye baridi kama samaki asiye na mnunuzi.

Mkuu wa ukoo alikuwa Kobina Egyir, ndugu wa tumbo moja na marehemu. Tangu dada yake akate roho, bwana huyo hakuigusa chupa ya Aba. Aba akienda, mjomba yuko Kumasi. Akirudi, presha ya mjomba imepanda. Mara ya mwisho mjomba alimjibu kutoka dirisha la juu, kama anayefukuza muuza mayai:

"Ukumbi wa juu ni makumbusho sasa! Kodini turubai huko uwanjani, mumlaze humo!"

Turubai! Kila aliyekufa katika ukoo ule alilazwa ukumbi wa juu, kwenye kitanda cha shaba ambacho hakuna mtu hai aliyewahi kukilalia. Ekua Tawia alikisugua kwa ndimu na majivu maisha yake yote, huku akicheka: "Natandika kwangu." Kosa lake lilikuwa kwamba mjomba alipotaka kuifanya nyumba iwe ya watalii, yeye alisema hapana mbele za watu, na watu wakamuunga mkono. Mjomba alingoja. Maiti haibishani.

"Sasa utaingiaje?" Efua alikuwa amemuuliza.

"Kama wanavyoingia wengine. Kwa tiketi."

Walianzia Elmina, kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa zamani yenye ngazi pana na kuta za mawe. Mwongozaji alionyesha veranda. "Hapa ndipo bwana alipokuwa akinywa chai."

"Na maji ya chai alichota nani?" Aba akauliza.

"Hilo halijaandikwa, mama."

"Basi andika. Unayo kalamu sikioni, au ni pambo?"

Wenzake wakacheka. Aba hakucheka. Cape Coast waliingia katika jumba la mahakama ya zamani. Efua akapanda kiti cha hakimu, akamhukumu Mansa, muuza vitambaa mwenzao, kwa kukata yadi pungufu tangu ujana wake. Mansa akakata rufaa kwa kutikisa makalio. Anomabo wakapigana vikumbo kupiga picha mbele ya kituo cha jeshi la jadi la mtaa, chenye simba wa saruji waliopakwa rangi mpya, kisha wakala kenke, madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, na samaki wa kukaanga kwa pilipili iliyowatoa kamasi. Aba alikula kidogo. Kila nyumba waliyoiingia, aliwatazama wageni wakipapasa vitu vya watu, akawaza: na huyu mwenye chungu hiki, nani alimwomba ruhusa?

Saltpond, mjomba aliwapokea mlangoni mwenyewe. Alikuwa amejifunga kitambaa cha fahari, bega moja wazi, na mkufu mnene uliong'aa kupita dhahabu yoyote ya kweli. Kando yake alisimama Mzee Kwamina Ewusi na fimbo yake. Huyo ndiye msemaji wa ukoo, kwa kuwa maneno mazito ya ukoo hayasemwi ana kwa ana. Hupita kwa msemaji.

Egyir alizihesabu kamera, si nyuso. Kwake muuza vitambaa ni muuza vitambaa. Aba akapita mbele yake na kilemba chake na miwani yake, tiketi mkononi, akapanda ngazi alizokuwa akizipiga deki utotoni.

"Nyumba hii," mjomba alisema huko juu, "ilijengwa na babu yangu mkuu, simba wa biashara ya mawese."

Uongo. Ilijengwa na dada yake huyo simba. Simba alikuwa akishika funguo tu. Aba akauma mdomo.

"Na hiki ndicho kitanda chake cha usingizi. Kwa ada ndogo, mama yeyote anaweza kulala akapigwa picha."

Kamba nyekundu ilizungushwa kitandani, na juu ya godoro kulikuwa na mto ulioandikwa "Karibu sana". Mansa, aliyezoea kuchekesha, akaruka kamba, akaanza kujinyoosha. Aba akamshika sare nyuma ya shingo, akamwinua kama kifurushi.

"We! Una nini leo?" Mansa alifoka.

"Shuka nitakuambia. Usiposhuka nitakushusha."

Kitu fulani katika sauti ile kilimfanya Mansa ashuke bila mzaha. Mjomba naye aligeuza shingo kidogo, kama anayekumbuka jambo, lakini Efua Mbroba akamwingilia kwa tabasamu na boksi refu la kijani la kinywaji kikali.

"Mkubwa, wanawake wa Takoradi hawaji kwa wakubwa mikono mitupu."

Uso wa Egyir ukachanua. Desturi inataka mgeni apewe kiti, apewe maji, aulizwe safari yake; aseme lililomleta, ndipo chupa ifunguliwe. Lakini watalii hawana subira, na siku zote lililowaleta ni kuona nyumba. Kwa hiyo mjomba aligeuza mpangilio: chupa kwanza, kamera zikiwa moto, maneno baadaye, kwa makofi. Mzee Ewusi alikwisha kumwonya, akaambiwa ameachwa na wakati.

Kifuniko kikalia. Egyir akamwaga kidogo sakafuni, akawaita waliotangulia mmoja mmoja kwa sauti ya jukwaani, akajaza glasi yake, akaimeza yote na kukunja uso vizuri kwa ajili ya picha. Mzee Ewusi akapokea ya kwake, akanywa. Kisha akagonga fimbo.

"Wageni wetu, huku ni salama. Mmekuja na lipi?"

Efua akarudi nyuma hatua moja. Aba akavua miwani.

"Mzee Ewusi, sikia umfikishie mkuu wa ukoo. Chupa aliyokunywa ni yangu mimi, Aba, mtoto wa Ekua Tawia. Nimekuja kumwambia kwamba dada yake wa tumbo moja amefariki. Yuko mochwari. Anataka kuja kulala kwake."

Mjomba akaitazama glasi kama aliyekuta mende ndani yake.

"Huu ni wizi!" akapaza sauti. "Mwanaharamu wewe, umenivizia nyumbani kwangu!"

"Mjomba, umenifundisha wewe. Nilibisha hodi ukasema uko Kumasi. Nani aliyefungua dirisha, presha?"

"Nitainunua chupa nyingine, niirudishe! Hii ilikuwa ya watalii! Ewusi, mwambie!"

Mzee Ewusi alifuta midomo taratibu kwa ukingo wa kitambaa chake.

"Mkuu, umewaita wazee walioko ardhini kwa majina, wakanywa. Wewe umekunywa. Mimi nimekunywa. Sasa nani kati yetu ataanza kutapika?"

"Lakini sikuwa nimeambiwa!"

"Nilisema tuulize kwanza. Ukasema mimi mzee wa kizamani." Akagonga fimbo tena. "Binti, ukoo umesikia. Pole kwa msiba. Msiba ni wetu."

Mansa ndiye aliyeanza kulia, yule yule mcheshi, kilio cha kupasua paa. Wengine wakampokea. Sare ya matembezi ikawa sare ya matanga. Efua akang'oa kamba, mtu akautupa mto nje kupitia dirishani, vibandiko vya maelezo ya watalii vikabanduliwa kutani. Mjomba akazunguka katikati yao akishika hiki, akiokoa kile, mpaka Aba akasimama mbele yake pua kwa pua.

"Jumamosi ipi?" Aba akauliza.

"Tutazungumza na wazee..."

"Jumamosi ipi, Mjomba?"

Akaitaja. Aliitaja kwa sauti ndogo, na Aba akamfanya arudie mpaka Mzee Ewusi asikie, na Efua, na kila kamera ndani ya chumba.

Dereva akapiga honi barabarani. Wanawake wakaanza kushuka, macho mekundu. Efua alimkuta Aba amepiga magoti, anasugua mguu wa kitanda kwa pindo la sare yake, anasugua kama anayetaka kuung'oa.

"Shoga, umeshinda. Mbona bado umevimba?"

"Ameniambia turubai, Efua. Mama yangu, turubai."

"Najua. Inuka, basi linatuacha."

"Liende," Aba alisema bila kuinua kichwa. "Mimi niko kwetu. Na ukimkuta mjomba huko chini, mwambie alete ndimu."