Uzi wa Urefu wa Kucha

…na ulimi sasa ni kama wa mtu mwingine, ganzi imeshashika shavu lote, daktari wa meno bado ananipa mgongo, anapanga vyuma vyake kwenye sinia, kling, kling, Mungu wangu nimechoka, jino hili limeninyima usingizi mpaka cherehani naiona mbili, litoke tu, litoke nikalale… "Una ugonjwa wowote, mama? Kuna dawa unayotumia?" aliniuliza kabla ya sindano, nami nikatikisa kichwa, mwongo mimi, kwa sababu muuguzi wake alikuwa kasimama pale na pamba, dada wa kwaya yetu, aliyepiga vigelegele Jumapili niliposimama mbele ya kanisa nikasema ugonjwa wa damu umekwisha, nimepona, wala sikuwa nimepona, nilikuwa nimechoka tu kuwa mgonjwa… "Mama Ushuhuda," ananitania, "leo mdomo umepata breki, eh? Acha tupumue," nacheka kwa upande mmoja, mate yananidondoka, ananipangusa kama mtoto, mkono mpole, laiti angejua… chembe sahani zangu bado zimepita kiasi, daktari wa damu aliniambia juzi tu, nikamwambia basi si heri, mwanangu, si ndizo zinazogandisha damu, nikijikata zitakimbilia jeraha kama siafu, akacheka, akauliza, unafanya kazi gani mama, nikasema fundi cherehani, akasema haya, ndani ya damu kuna protini ndefu kama uzi, ndiyo inayozishikiza chembe kwenye jeraha, sasa chembe zikizidi mno zinaing'ang'ania, kila moja inavuta kwake, uzi unakatika vipande, wewe utashona kwa uzi wa urefu wa kucha? nikasema hata kifungo hakishiki, akasema ndivyo, utakuwa na chembe tele na damu isikome kutoka, aspirini usiiguse, nayo inaongeza balaa, na jino using'oe bila kuniambia… nikaitikia, ndiyo daktari, na jana jino lilipopiga nikameza aspirini, na leo tena, nikaja… "Hapa unasikia?" daktari wa meno anagonga jino, sisikii kitu, natikisa kichwa, nikimwambia ukweli sasa atanirudisha nyumbani na jino langu, na dada huyu atajua, na kwaya nzima itajua, watasema alimsingizia Mungu, na kweli nilimsingizia, Bwana unirehemu, nilikusifu kwa gauni ambalo hujalishona, nawe ukaninyamazia… nyamaza na leo basi, nishikilie damu tu, mara hii moja, halafu nitatubu… sikia hayo, nafanya biashara na Mungu huku nimelala chali kinywa wazi… na damu isiposhika? ni huyu dada atakayebana pamba juu ya pamba, macho yamemtoka, akiniombea kwa imani niliyomtia mimi mwenyewe, akijiuliza kakosea wapi, na hakuna alipokosea, aliniamini tu… hapana, aibu ni yangu, nimeishona, nitaivaa, huyu simvishi… "Panua, mama, panua kabisa," koleo liko juu ya uso wangu, naufunga mdomo, "Ah, Mama Ushuhuda, unaogopa nini nawe, si ulishapona?" na ule ulimi mzito naukusanya, mate na yote, nautafuta mkono wake wenye pamba, naushika, dada, nasema, sikupona.