Mapigo Ishirini na Matatu

Jumanne ya pili ya Machi, saa nne asubuhi, Mzee Barzillai Tuttle alikuwa amekaa juu ya gogo katika karakana ya mhunzi, kinywa wazi, koleo la mhunzi likiwa limeng'ang'ania gego lake la kushoto. Hapo ndipo kengele ya kanisa ilipoanza kulia. Mzee Tuttle alikuwa mpiga kengele wa kijiji cha Perley kwa miaka thelathini, na ufunguo pekee wa mnara ulikuwa mfukoni mwake. Aliinua kidole kumwambia mhunzi asubiri, wakahesabu wote wawili.

Kila mtu alihesabu. La mgambo likilia lina jambo, na huku kwetu kwenye milima ya Vermont jambo lenyewe huwa ni msiba: mtu akifa, kengele hupigwa mara moja kwa kila mwaka aliouishi, nasi huacha kazi tuliyoishika mpaka tujue ni nani. Fundi mapipa aliweka nyundo chini. Wanawake waliokuwa wakichemsha utomvu mtamu wa miti kutengeneza sukari walisimama na miko mikononi. Hata Wamethodisti wa ng'ambo ya kijito, ambao hawana kengele na husema kengele ni majivuno, walihesabu kwa vidole ndani ya mifuko ya aproni.

Ishirini na tatu. Kisha kimya.

"Nani kapiga?" mhunzi aliuliza.

Mzee Tuttle alitema damu kwanza. "Imejipiga. Na imepiga vizuri, haikuharakisha mwisho. Haya, ng'oa."

Perley nzima ilikuwa na watu wawili tu waliotimiza miaka ishirini na mitatu mwaka uliopita, nao walikuwa mapacha. Mmoja ni Jotham Pell, aliyekufa Novemba kwa kutumbukia katika shimo la nne la chokaa ya kulowekea ngozi, kwenye kiwanda cha ngozi cha Shemasi Thaddeus Crouch alikokuwa akifanya kazi. Wa pili ni dada yake, Keturah. Wakati kengele inalia, Keturah alikuwa dukani kwa Bi Mehitabel akichagua uzi mweusi.

Bi Mehitabel alimtazama juu ya miwani. "Ishirini na tatu. Pole sana, Keturah."

"Hiyo ni ya Jotham," Keturah alisema. "Hakupigiwa yake."

"Jotham alikuwa mlevi, mwanangu, na walevi hawapigiwi. Kwa hiyo ni wewe." Alifunga uzi ndani ya karatasi, akausukuma mbele. "Chukua tu. Marehemu simtozi."

Jotham hakuwa mlevi. Alitia sahihi kiapo cha kutokunywa akiwa na miaka kumi na sita, na siku hiyohiyo akapasua kwa shoka pipa la mvinyo wa matofaa la baba yake, mpaka nguruwe wakalewa. Ila shimo la nne halikuwa na kifuniko. Tangu kiangazi Jotham alikuwa akimwomba Shemasi mbao nne za kulifunika, na Shemasi akijibu kwamba mbao hazipatikani. Alipoopolewa, Shemasi aliinama juu yake akasema ananusa matofaa. Hakuna mwingine aliyenusa. Baraza la wazee wa kanisa, ambalo mwenyekiti wake ni Shemasi Crouch, liliamua kabla mishumaa haijafupika: azikwe nje ya uzio wa makaburi, bila kengele.

Lakini Keturah aliona. Siku ile alikuwa amempelekea kaka yake maharage ya mchana. Akiwa mlangoni, alimwona akivuta ngozi kwa mti wa kulabu, akirudi kinyumenyume, na shimo likiwa wazi nyuma yake, mpaka akatumbukia. Majira yote ya baridi alimfuata Mchungaji Hale akiomba kesi isikilizwe upya, ili Jotham aingizwe ndani ya uzio alazwe karibu na mama yao. Hakuwa akitaka kitu kingine duniani. Mchungaji, mtu mpole aliyechoka kufuatwa, hatimaye alikubali. Keturah angetoa ushahidi siku ya Alhamisi. Kengele ililia Jumanne.

Mchana huo seremala Obed Wicks alifika nyumbani kwake na kamba ya kupimia.

"Simama wima, Bi Keturah. Samahani kwa usumbufu."

"Obed, si unaniona napumua?"

"Nakuona vizuri kabisa." Obed alimpima bega hadi bega. "Lakini nikuulize. Mzee Tuttle kwa miaka thelathini hajakosea hata pigo moja, na yule ni binadamu. Sasa kengele yenyewe, bila mkono wa mtu, itakosea vipi?" Akafunga fundo kwenye kamba. "Vuta pumzi kidogo. Nisije nikakubana kifuani."

Wanawake walileta mikate ya matofaa makavu na vyungu vya maharage, wakakaa wakamlilia. Keturah aliwamiminia chai, maana nyumba ilikuwa yake na hapakuwa na mwingine wa kuimimina. Walimsifu kwa adabu mbele yake, hasa ushonaji wake. Alipowasindikiza hadi langoni, wakaona kwamba nyayo zao zilizama kwenye matope ya Machi lakini zake hazikuonekana. Bi Mehitabel alisema ni heri, maana sakafu ya kanisa itabaki safi.

Alhamisi tulishtuka, nami sitaficha kwamba tulishtuka. Kwamba marehemu angekuja barazani, hilo tulilitegemea, kwani Keturah alikuwa mkaidi tangu utotoni. Tulishtuka kwamba alikuja kichwa wazi, bila kofia, ndani ya nyumba ya Mungu. Minong'ono ilichukua muda kutulia.

Shemasi Crouch alisimama. Ni mtu mrefu, mwenye sauti ya kubembeleza. "Mchungaji, nasikitika. Shauri hili lilikuwa na shahidi mmoja tu, na Bwana amemtwaa."

"Nipo hapa, Shemasi," Keturah alisema.

"Upo, dada, na tunakuombea." Alijifuta jicho, na jicho kweli lilikuwa limelowa. "Lakini kanuni yetu inataka shahidi aliye hai. Sikuitunga mimi. Waliitunga baba zetu."

Keturah alitoa ushahidi hata hivyo. Alisema shimo lilikuwa wazi, na kwamba Jotham aliomba mbao nne tangu siku za kukata nyasi. Alisema kaka yake hakuwa na harufu ya matofaa, alikuwa na harufu ya chokaa tu, na kwamba yeye mwenyewe aliunusa mdomo wake wakati akimsafisha macho. Hapo ndipo tuliposhtuka mara ya pili. Mwanamke mmoja aliziba masikio ya mama yake mzee, asije akasikia Shemasi akisemwa hadharani. Katibu wa baraza, tumpe haki yake, alijaribu kuandika. Wino wa maneno ya Keturah ulikauka, ukafifia, ukatoweka, naye akachovya kalamu na kujaribu tena mara mbili, kisha akaifuta ncha yake.

Keturah aliitazama karatasi tupu.

"Sawa," alisema. "Nimekufa. Basi lile jeneza ni langu, na nafasi karibu na mama ni yangu. Mlazeni Jotham humo. Mimi sina haja nalo."

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Obed Wicks, kutoka benchi la nyuma, alisema bila kuulizwa, "Litamtosha. Kimo chao kimoja."

Mchungaji Hale alimtazama Shemasi. Nadhani laiti angetazama kwingine kokote, hata dirishani, mambo yangekuwa mengine.

"Jeneza la Mkristo," Shemasi alisema kwa upole, "halilazi mlevi." Baraza likainua mikono.

Sasa niseme habari ya jeneza lenyewe, maana hii ndiyo iliyonishtua mimi, na hainitoki. Mbao zake alizitoa Shemasi Crouch. Alizileta kwa mkokoteni wake mwenyewe jioni ya Jumanne: mbao nne za msonobari, pana, kavu, zisizo na fundo hata moja. Zilikuwa ghalani kwake tangu kiangazi, na vumbi la kiangazi lilikuwa bado juu yake. Obed aliponyoosha kamba juu ya ubao wa kwanza, mkono wake ulisimama. Kipimo kile alikifahamu, kwa sababu Julai Jotham alimwita alipime shimo la nne. Mbao zilikuwa zimekatwa tayari, urefu wa shimo, kamili. Ilikuwa imebaki kuzitandika tu.

Obed alimwambia mkewe. Mkewe alimwambia Bi Mehitabel, na akishajua Bi Mehitabel hata Wamethodisti wamejua. Kufikia Ijumaa hapakuwa na mtu Perley asiyejua. Tulifunika kombe mwanaharamu apite. Shimo ndilo hatukulifunika.

Jumamosi tulizika. Jeneza la Keturah lilikuwa tupu na jepesi, na wabebaji sita wakajitahidi kutembea kama watu waliolemewa. Mchungaji Hale alisoma vizuri. Keturah alifuata nyuma peke yake, kwa kuwa hakuwa na ndugu mwingine, akatupa konzi yake ya udongo kama inavyopaswa. Mzee Tuttle hakupanda mnarani. Alisema kazi hiyo imekwisha kufanywa. Watu walipoondoka, Keturah alipita katikati ya uzio, si juu yake, akaketi kwenye magugu alipo Jotham.

Jumanne iliyofuata, saa nne, kengele ililia tena mara ishirini na tatu, na Jumanne baada ya hiyo, na hii ni miaka kumi na moja. Siku hizi hatusimami. Wageni wakiuliza, tunawaambia, "Ile ni ya Keturah," na wanawake hutumia mapigo yale kutoa mikate jikoni. Anayehesabu hadi mwisho ni yeye peke yake, huko nje ya uzio. Kila akifika pigo la mwisho hulitamka kwa sauti jina la kaka yake, na anayepita barabarani hulisikia.

Shemasi Crouch husikia pia, maana kiwanda hakiko mbali. Huitoa saa yake mfukoni, akairekebisha kwa kengele, akairudisha. Kisha hutembelea mashimo yake kukagua ngozi, na akifika la nne hulizunguka, kwa hatua za mtu anayejua shimo lilipo.