Shibe ya Aliyelipa

Kengele ya mlango ilipolia, fundi cherehani alikuwa na pini mdomoni, akipunguza gauni lake mwenyewe. Alizitemea kiganjani, akafungua. Mleta chakula alimkabidhi boksi la moto, akampiga picha akiwa amelishika, akateremka ngazi mbio mbio. Picha ilikwenda kwa binti wa fundi, aliyefanya kazi mji mwingine na ndiye aliyelipia.

Kifuniko kilikuwa kimeandikwa "Lishe Kamili". Ndani mlikuwa na wali, kipande cha kuku, maharage, na karoti zilizolingana kana kwamba zimepimwa kwa rula. Fundi alikula kila kitu, macho yake yakiwa kwenye kiti cha pili, ambacho siku hizi hukaliwa na vitambaa tu. Kisha simu ikaita.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, mwanangu."

"Ndiyo maana. Nimeshiba hadi nimefungua kifungo."

Ndivyo ilivyokuwa tangu huduma ianze: mama alikula, binti akashiba. Binti aliacha kupika, kisha akaacha kula kabisa, maana nafasi yenyewe hakuwa nayo, na mashavu yake yakajaa vilevile. Alituma nguo zake kwa basi ziongezwe kiunoni. Mama alikata vipande kwenye magauni yake yaliyompwaya, akaviunga kwenye ya binti. Boksi lilimjaza tumbo, likawa zito, pasibaki pa kuweka tonge jingine, lakini nguvu hazikuja.

Alipoanza kushika ukuta ili afike msalani, jirani alimpeleka hospitali. Daktari alisoma kifuniko chote, hadi maandishi madogo ya pembeni. Alisema chakula ni kizuri: protini imo, madini yamo, chumvi haikuzidi.

"Analipa nani?"

"Binti yangu."

"Yuko wapi?"

"Mbali."

"Basi ndiko kinakokwenda," daktari alisema, akikunja kipimo cha presha. "Mko wengi, mama. Akija mkala sahani moja, na wewe utapata. Asipokuja, hata nikupe dawa gani ni kazi bure."

Jioni hiyo fundi alimweleza binti yake. Upande wa pili zilisikika batani za kompyuta zikibonyezwa.

"Nitakuja, Mama, kazi ikipungua. Lakini nimeumia kusikia umekonda hivyo. Nimekuongezea. Kuanzia kesho watakuletea mara tatu kwa siku."

Fundi alisema asante. Alipokata simu alikaa muda mrefu akikunja na kukunjua kitambaa kilekile, kwa hasira.

Kesho yake aliyapokea maboksi yote matatu, akapigwa picha zake tatu, akayapanga juu ya cherehani bila kuyafungua. Akapika uji. Alikunywa bakuli zima, joto likamshuka hadi miguuni, na alasiri alitunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Alifurahi kiasi kwamba alimwita jirani aje aone.

Jua lilipozama, simu ikaita.

"Mama, nina njaa. Nimeanguka ofisini mbele ya watu. Hujala leo?"

"Nimekunywa uji."

"Uji wako mwenyewe?"

"Wangu."

"Mama, tafadhali."

Fundi alifungua boksi la kwanza. Kuku alikuwa ameganda mafuta. Alikula simu ikiwa imebanwa begani, akasikia pumzi za binti zikitulia, kama zilivyokuwa zikitulia zamani akimnyonyesha. Akafungua la pili. Uji ulikuwa bado haujashuka vizuri, akajilazimisha. Binti akacheua.

"Asante, Mama. Sasa niko sawa."

"Unakuja lini?"

"Nikipata nafasi. Ngoja nimalize kazi, leo nachelewa kutoka."

Simu ikakatika. Boksi la tatu lilikuwa bado juu ya cherehani. Fundi alilitazama, akamfikiria mtoto akiwa ofisini na taa zimewashwa, na wenzake wameshaondoka. Aliondoa vitambaa kwenye kiti cha pili, akakisogeza mezani. Kisha akafungua kifuniko, akaanza kula taratibu, ili mtoto asipaliwe.