Msamaha Uliotiwa Fremu

Mume wangu alipofariki aliniachia duka la mbao na wadaiwa wa kila aina. Mkubwa wao alikuwa shemeji yangu mwenyewe, mdogo wake marehemu, fundi seremala. Alikuwa amechukua mbao za mwaka mzima kwa mkopo, akatengeneza makabati ya hoteli, na hoteli ikafungwa kabla haijamlipa. Tangu hapo alipokuwa akipita dukani kwangu alishika upande wa pili wa barabara, kichwa chini kama mtu anayetafuta sindano.

Niliomba sana juu ya jambo hilo. Asubuhi moja nikatoka kwenye sala moyo mweupe, nikaandika barua kwamba deni lote nimelisamehe, leo na siku zote. Nikagonga muhuri wa duka. Nakala moja nikampa binti anayetutunzia hesabu, mimi na shemeji, na barua yenyewe nikampelekea mwenyewe.

Mtu mwingine angeikunja akaitia kwenye droo. Shemeji yangu aliichongea fremu. Mti mgumu, pembe zimeshikana hata unywele haupiti, kioo juu, vanishi mara mbili. Akaitundika karakanani juu ya mashine yake ya randa, ili kila mteja akiingia aone kwamba mwenye karakana hii hadaiwi na mtu.

Haukupita muda akaingia bwana mmoja mpole, mke wake mjamzito, anataka kitanda cha mtoto. Wakapatana bei. Fundi akawa anapapasa meza nzima kutafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake, na mteja akawa anasoma ukuta. Akasoma mpaka kwenye muhuri.

"Hongera sana, fundi. Na deni hili lililosamehewa, umeliandika kwenye mapato?"

"Mapato gani? Sikupokea hata senti."

"Mimi ni afisa wa kodi," akasema yule bwana, kwa upole ule ule. "Ongea na mhasibu wako. Na kitanda kiwe na magurudumu."

Shemeji alinifikia dukani na vumbi la mbao kwenye nyusi, fremu kwapani.

"Shemeji, chukua msamaha wako!"

"Hata salamu?"

"Salamu yako nayo huenda ina kodi!"

Nikamwita binti wa hesabu, akaja, akaketi juu ya rundo la mbao.

"Fundi," akasema, "zile mbao tuliziandika kama gharama, na zikakupunguzia kodi. Sasa gharama yenyewe hukuilipa na hutailipa. Kwa hiyo ni kama umeingiza pesa. Nimekupigia simu wiki nzima nikueleze, hupokei."

"Nilidhani unadai mshahara wako."

"Na huo pia."

Shemeji akashusha pumzi. "Na kama ningekwenda mahakamani nikatangazwa muflisi?"

"Hapo ni tofauti. Deni likifutwa na mahakama kwa sababu mtu amefilisika, halihesabiwi kuwa pato. Kodi hakuna."

Akanigeukia macho yamemtoka. "Umesikia hayo? Hakimu asiyenijua akinisamehe, bure. Mke wa kaka yangu akinisamehe, nalipa!"

"Subiri nimalize," binti akasema. "Mahakama haifuti deni hivi hivi. Italeta mfilisi karakanani, auze kinachouzika, wanaokudai wagawane. Randa ya mkono atakuachia. Ile mashine ataondoka nayo. Na kwa miaka mingi hutakopeshwa hata kopo la gundi."

Shemeji akaifuta fremu vumbi kwa kiganja. Mashine ile waliinunua kwa kuchangishana, yeye na marehemu, wakaisukuma wenyewe mpaka karakanani. Bila hiyo angerudi kuwa kibarua kwa mafundi wenzake.

"Shemeji," akasema polepole, "ichane barua. Tuseme hukunisamehe."

Binti wa hesabu akatazama dari.

"Nilimwambia Mungu kwanza, ndipo nikaandika," nikamjibu. "Karatasi nitaichana. Yeye nitamwambia nini?"

"Mwambie sheria imebadilika."

Nilicheka, ingawa sikutaka. Kisha nikamuuliza binti, "Hiyo kodi inafikia deni lenyewe?"

"Wala, mama. Ni sehemu tu. Na wanakubali awamu, mtu akiwaendea kabla hawajamfuata. Mradi alipe, mashine haiguswi."

Nikatazama rafu zangu za mbao. Zilikuwa zimepinda katikati tangu marehemu akiwa hai, na kila mwaka alisema atazishughulikia.

"Shemeji, nitengenezee rafu mpya. Kila Ijumaa nitakulipa taslimu, na kila Ijumaa utatoka hapa moja kwa moja mpaka ofisi ya kodi. Nitasimama mlangoni nione umepinda kona ipi."

"Unilipe? Mimi niliyekula mbao zako?"

"Hudaiwi. Au fremu umeining'iniza bila kuisoma?"

Akajifuta uso kwa kofia, vumbi likazidi kuenea. Halafu akamgeukia binti. "Na pesa hiyo ya rafu, ina kodi?"

"Ina."

"Nikisamehewa, kodi. Nikifanya kazi, kodi. Basi afadhali nife."

"Ukifa," nikamwambia, "mbao za jeneza nauza taslimu."

Rafu zilisimama, nzuri mno kwa duka kama langu. Siku alipomaliza awamu ya mwisho nilikwenda karakanani kushuhudia. Barua yangu ilikuwa imerudi ukutani, na chini yake fremu ndogo zaidi, ndani yake risiti ya kodi.

Yule afisa akaja kuchukua kitanda. Akakizungusha, akajaribu magurudumu, akaguna kwa furaha.

"Fundi, kwa jinsi tulivyokwisha kufahamiana, si unipunguzie kidogo? Mtoto amezaliwa, mambo ni mengi."

"Ningependa sana, mheshimiwa," akasema shemeji yangu, mkono kifuani. "Lakini nitakachokusamehe kitakuwa pato kwako. Siwezi kukuingiza matatani."

Afisa akanitazama mimi. Mimi nikatazama magurudumu.

Akalipa yote. Shemeji akawasha mashine kabla yule bwana hajafika barabarani.