Asubuhi Dizeli Ilipoganda

Bibi Cherehani akazungusha ufunguo tena. Injini ikazunguka kwa nguvu, ikahangaika weee, lakini haikushika. Akaachia ufunguo, akaukumbatia usukani kwa mikono yote miwili na kusema kwa sauti ya chini, "Usinifanyie hivi leo. Kesho nifanyie, leo hapana."

Kioo cha mbele kilikuwa na barafu nyembamba. Alikuwa ameikwangua kwa kifuniko cha kopo mpaka akapata upenyo wa kuona lango tu. Baridi ya mwaka ule ilikuja mapema, tena ya kuuma. Nguo alizozisahau kambani jana yake zilikuwa zimekakamaa kama mbao.

Ndani ya nyumba mumewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha dirishani, koti juu ya sweta, viatu bila kamba kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Figo zake zilikuwa zimeacha kazi, na damu yake ilisafishwa kwa mashine hospitalini. Zamu iliyopita waliikosa kwa sababu mashine zilikuwa zikitengenezwa, na tangu hapo maji yalikuwa yakimjaa mwilini. Alikuwa akilala ameketi, mito mgongoni, na kila alipovuta pumzi Bibi Cherehani alivuta naye.

Nesi alikuwa amemwambia kwenye simu, kwa upole lakini bila kuficha, "Bibi, kiti cha Mzee nitakishikilia. Ila zamu ikianza kikiwa kitupu, sina ujanja, nitampa mwenzake. Na leo Mzee asikose, tafadhali. Nimeona vipimo vyake."

Gari la wagonjwa lilikuwa limeitwa mbali. Dereva wa kukodi aliyempigia alisema atakuja jua likishapanda, barabara iache kuteleza. Jua likishapanda, kiti kitakuwa na mtu mwingine.

Akazungusha tena. Haikushika.

Jirani yao akatokea langoni amejifunga blanketi, mswaki mdomoni. Alikuwa dereva teksi, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa vilevile, na mtaa mzima ulimwita Honi.

"Bibi! Unaamsha gari au unaamsha mtaa?"

"Haliwaki, mwanangu. Na leo ni siku ya Mzee."

Honi akatoa mswaki. Utani ukamwisha usoni. "Basi lazima liwake. Langu ningekupa sasa hivi, lakini liko gereji. Gia boksi imetolewa, iko mezani kama mtu wa kupasuliwa." Akafungua boneti, akainama. "Betri hii. Baridi inakula betri."

"Betri inazungusha vizuri, sikiliza." Akazungusha.

Honi akasikiliza, kichwa upande. "Kweli. Si betri." Hakuona haya kusema hivyo, na Bibi Cherehani akampendea hilo. "Mimi nimezoea petroli, Bibi. Hili la dizeli huwa nalisalimia tu, tunapita. Ngoja nikuletee kitu."

Akarudi mbio na kopo la dawa ya kupulizia. "Hii ukiipuliza mara moja tu puani mwa injini, linaruka lenyewe!"

Bibi Cherehani aliitazama ile dawa kama mtu wa jangwani anavyotazama maji. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo. Halafu akasema, "Ngoja kwanza nikamwone Mzee."

Alikuwa ameshaingia ndani mara kadhaa asubuhi ile, na kila mara alisema, "Napasha injini moto tu, Baba. Tunatoka sasa hivi." Hakutaka ahangaike. Siku hizi alimficha mambo mengi kwa nia njema: paa linalovuja juu ya stoo, binti yao aliyegombana na bosi wake. "Wewe pumzika," humwambia. Naye amekuwa akipumzika, na kunyamaza, kila wiki zaidi ya wiki iliyopita.

Alimkuta ameshika kizingiti cha dirisha, anahema.

"Umemaliza kunidanganya?" Mzee akauliza.

"Nilisema utahangaika bure."

"Nimeendesha malori maisha yangu yote, mke wangu. Leo gari langu mwenyewe linakataa kuwaka nje ya dirisha langu, nisijue? Ninayehangaika ni wewe, tena peke yako." Akapumzika kidogo, akavuta pumzi. "Moshi unatoka?"

"Moshi gani?"

"Kwenye bomba, nyuma. Ukizungusha ufunguo, unatoka au hautoki?"

Hakujua. Hata hakuwa amefikiria kutazama.

"Nenda ukaangalie. Na mwambie Honi aweke kopo lake chini. Injini ya dizeli ina hita ndani. Dawa ile ikikutana na hita zenye moto, injini itapasuka."

Bibi Cherehani akatoka mbio. Honi akakaa kwenye usukani, yeye akachuchumaa nyuma ya gari, kiganja mbele ya bomba. Injini ikazunguka. Bomba likapumua hewa baridi tu. Akarudi ndani.

"Hautoki. Hata wa dawa."

"Ungetoka mweupe ningesema hita zimekufa. Usipotoka kabisa, basi dizeli haifiki kwenye injini. Tangi lina mafuta?"

"Limejaa mpaka juu! Mkwe alilijaza juzi, alipomaliza kulitumia kuhamisha vitanda vyake."

"Alijazia wapi?"

"Si hukohuko kwake, bondeni kwenye joto. Alisema hataki mama mkwe wake akapange foleni na baridi hii."

Mzee akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na Bibi Cherehani akamshika mgongo mpaka kikapita.

"Kijana ana moyo mzuri," Mzee akasema akifuta macho. "Ila dizeli ya kwenye joto haiwezi baridi hii. Inafanya nta ndani yake, kama mafuta ya kupikia yakiganda kwenye chupa. Nta hiyo imeziba filta." Akajigusa ubavuni. "Mimi na gari letu ugonjwa mmoja."

"Koma!" akasema Bibi Cherehani, lakini alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Sasa nisikilize. Maji ya moto, lakini yasiwe ya kuchemka yakapasua plastiki. Loweka vitambaa, kamua, funga filta na bomba linaloingia. Vikipoa, badilisha. Moto wowote usikaribie mafuta. Juu ya filta kuna kitufe cha pampu, bonyeza kwa kidole gumba. Kikibaki chini, njia bado imeziba. Kikianza kupanda chenyewe na kukaza, dizeli inapita. Na ufunguo msiuguse mpaka hapo, betri itachoka."

Hilo la vitambaa halikuhitaji kuelezwa zaidi. Alikuwa fundi wa kushona; alimwaga kikapu chake cha mabaki ya vitambaa mezani, akachagua flaneli iliyobaki kwenye nguo za kulalia za wajukuu, akaichana kwa urefu. Honi akawa wa maji. Alibeba birika kutoka jikoni kwenda nje, akirudi akiwa ameloa mikono. Mke wake akaleta chupa ya maji ya moto bila kuombwa, akaiweka juu ya ukuta, akaenda zake bila kungoja shukrani.

Bibi Cherehani akazungusha flaneli kwenye filta, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayefunga mguu ulioteguka. Mvuke ukampanda usoni. Akabonyeza kitufe. Kikabaki chini.

"Bado," akasema.

Akafungua, akaloweka, akafunga tena. Vidole vilikuwa vyekundu, vya moto upande huu na baridi upande ule. Akabonyeza. Bado.

"Bibi, wasiwasi wangu ni muda," akasema Honi, safari hii kwa sauti ndogo. "Nipulize kidogo tu?"

"Hapana. Mzee amekataa."

Akainua macho kutafuta uso wa mumewe dirishani. Hakuuona. Kiti kilikuwa pale, pembe ya koti ilikuwa pale, lakini kichwa kilikuwa kimeanguka upande. Alikitupa kitambaa, akakimbia, akajigonga mlangoni, akapiga magoti mbele ya kiti na kumshika mashavu.

Mzee akafumbua macho. "Mbona umeacha? Kitambaa kitapoa."

"Umenitisha!"

"Nimechoka, mama watoto. Sijaondoka." Akamshika mkono uliolowa, akaubana kidogo. "Nenda. Mimi nakusikia kutoka hapa."

Akarudi kwenye gari. Akafunga vitambaa vipya, akavishikilia kwa viganja vyote viwili, hata joto lilipomchoma hakuvitoa. Akabonyeza kitufe. Kikashuka, kikasita, halafu taratibu kikapanda. Akabonyeza tena na tena. Kidole gumba kikaanza kuhisi ukinzani, kama sindano inapoingia kitambaa kizito.

"Kinakaza! Honi, kinakaza!"

"Hita kwanza!" sauti ya Mzee ikatoka dirishani, nyembamba lakini ya amri, sauti ya zamani. "Ngoja taa ya njano izime!"

Honi akangoja. Taa ikazima. Akazungusha. Injini ikazunguka, nzito sasa, betri imeanza kuchoka. Ikakohoa. Nyuma ukatoka moshi, pumzi moja nyeupe. Ikashika, ikazimika. Bibi Cherehani akafumba macho. Honi akazungusha tena, na gari likanguruma, likatikisika lote, likajaza ua moshi mpaka hawakuonana.

"Usiguse kitu!" Honi akapiga kelele, ingawa aliyekuwa kwenye usukani ni yeye mwenyewe.

Walimtoa Mzee wakimshika huku na huku. Honi akamfunga kamba za viatu kwa kulegeza, akiwa amepiga magoti kwenye barafu na blanketi lake, kisha akagonga paa la gari kuwaruhusu.

Njiani Bibi Cherehani aliendesha na masikio. Kila injini iliposhusha sauti, alikanyaga mafuta kidogo.

"Likizima hapa je?"

"Mafuta yanayorudi tangini ni ya moto, yatayeyusha wenzake. Usiachie tu mguu."

Simu ikaita. Alikuwa mkwe wao. Mzee akaiweka sauti wazi.

"Shikamoo, Mama. Nimeona kuna baridi kali huko kwenu. Gari lina mafuta ya kutosha?"

"Marahaba, baba. Yamejaa tele. Ahsante sana, Mungu akuzidishie."

Simu ilipokatika Mzee akamtazama. "Hodari wa kuficha, wewe."

"Yamejaa, hayakujaa?" Halafu, baada ya kona, akasema, "Paa la stoo linavuja. Na binti yako amegombana na bosi wake."

"Afadhali," akasema Mzee, akaegemeza kichwa. "Nieleze vizuri. Alianza nani?"

Walifika zamu ikiwa imeshaanza. Bibi Cherehani alisukuma kiti cha magurudumu katika ukumbi mrefu, macho yakitafuta mashine ya pembeni. Nesi alikuwa amesimama kando yake, mikono kiunoni. Kiti kilikuwa kitupu.

"Mzee! Haya, haraka, kaa. Nilishampa mama mmoja nafasi hii, yeye ni wa zamu ya pili lakini alikuwa amewahi. Akaniambia anapita chooni mara moja. Mpaka sasa hajatoka! Basi atangoja zamu yake."

Mikono ya nesi ilikuwa myepesi. Mashine ikaanza kuzunguka, mirija ikawa myekundu, na Mzee akalala akimtazama mkewe mpaka akafumba macho.

Ndipo Bibi Cherehani akaenda chooni. Karibu na sinki alikuwa amesimama mwanamke mwenye kilemba cha manjano ambaye walizoea kupishana naye zamu zikibadilishana, koti limefungwa mpaka kidevuni, meno yakigongana. Mikono yake ilikuwa mikavu.

"Amefika?" mwanamke yule akauliza kwa kunong'ona.

"Nani?"

"Mzee wako. Nilimsikia nesi akiongea nawe kwenye simu."

"Amefika. Ameshaunganishwa."

"Oh, afadhali. Humu ndani kuna baridi ya kufa mtu, dada yangu."

Bibi Cherehani akamsogelea. Akamshika mkono, akauingiza kwapani mwake chini ya sweta, akamvuta kuelekea mlangoni.

"Twende ukumbini kwenye joto," akasema. "Nesi anadhani una tumbo la kuendesha."